Nzi wa usiku mjini: mwongozo kamili wa kuwatafuta na kuwatambua

Washa taa ya barazani saa moja usiku, na chai haijapoa ukuta umeshajaa. Mwenye nyumba atasema ni mbu, jirani atasema ni vidudu vya taa, na kila mmoja atakuwa amepatia nusu. Kwenye ukuta mmoja wa Dar es Salaam au Mombasa huweza kukutana mbu wa aina mbili tatu, vidudu vilivyofanana na mbu lakini visivyouma, vinzi vya manyoya vilivyotoka kwenye tundu la bafu, usubi, na inzi wa jikoni aliyekurupushwa usingizini na mwanga. Kwa hesabu ya wanabiolojia wote hao ni nzi, kundi la Diptera, wadudu wa mabawa mawili. Kwa hiyo katika mwongozo huu mbu naye ni nzi, hata kama mtaani hakuna anayemwita hivyo.

Jambo la kushika mapema ni hili: nzi wa usiku hutambulika zaidi kwa namna alivyotua na mahali alipotua kuliko kwa rangi yake. Ukishamkamata, mkao umepotea. Ukimfikicha kidogo, magamba ya mabawa yamepukutika. Basi mtazame kwanza, mpige picha pili, mkamate baadaye, tena kama kuna haja.

Je, ni nzi kweli?

Hesabu mabawa. Nzi ana jozi moja tu ya mbele. Jozi ya nyuma imesinyaa ikawa virungu viwili vidogo, mithili ya vijiti vya kiberiti, vinavyomsaidia kujiweka sawa hewani. Kwa nzi wa miguu mirefu, yule ambaye watu humwita mbu mkubwa, virungu hivyo huonekana kwa jicho tupu ukimwangaza kwa ubavuni.

Kumbikumbi, sisimizi wenye mabawa na nyigu wadogo wana mabawa manne. Kwa nyigu wadogo ni rahisi kukosea, maana bawa la mbele na la nyuma hushikana kwa vikulabu likaonekana moja. Angalia kiuno, chao ni chembamba kama uzi. Wako pia wadudu wa majini wanaokuja taani wakiwa na mabawa yaliyosimama wima mgongoni na nyuzi mbili au tatu ndefu mkiani. Baadhi yao wana jozi moja tu ya mabawa, lakini nzi hana mkia wa nyuzi ndefu namna hiyo.

Halafu kuna yule anayeitwa nzi wa Nairobi. Jina linadanganya: ni mbawakawa wa jamii ya Paederus, mwembamba, urefu wa milimita 7 hadi 10, mwenye mapande ya rangi ya chungwa na nyeusi, na hutembea kama sisimizi. Haumi wala hachomi. Sumu yake, pederini, imo ndani ya mwili, na ukimponda shingoni utaamka na malengelenge yaliyojichora mstari pale ulipompangusa. Hufurika baada ya mvua nyingi na hupenda taa nyeupe. Akikutua, mpulize, mahali alipopita osha kwa sabuni na maji, na usijiguse macho kabla hujanawa.

Vifaa

Hakuna cha gharama kubwa. Lenzi ya mkononi ya kukuza mara 10 ndiyo muhimu kuliko vyote, na wengi huitumia vibaya: huishika mbali kama kioo cha mpelelezi. Iweke karibu kabisa na jicho, kisha msogeze mdudu mpaka abaki kama sentimita 2.5 kutoka kwenye lenzi. Pata pia tochi ya kichwani yenye taa nyekundu (isiponayo, funga karatasi nyekundu ya kung'aa, ile ya kufungia zawadi, mbele ya tochi), simu yenye lenzi ya kubandika ya picha za karibu, vichupa vidogo vya plastiki angavu kama kumi, brashi laini ya rangi za maji, daftari na penseli. Wino wa kalamu huyeyuka kwenye spiriti, penseli haitoki.

Wadudu wengi huona mwanga mwekundu kwa shida, ndiyo maana ukimulika kwa mwekundu mbu hubaki ukutani wakati kwa mweupe angeruka.

Vaa nguo ya mikono mirefu na soksi. Dawa ya kufukuza mbu paka kwenye vifundo vya miguu na shingoni, usiguse shuka la kuwavutia wadudu (linaelezwa mbele) wala vichupa kwa mikono iliyopaka. Dawa zenye DEET zina balaa jingine: huyeyusha aina fulani za plastiki, na fremu ya lenzi hubaki na alama za vidole milele.

Saa na usiku wenyewe

Anza jua likizama, kwenye saa kumi na mbili na nusu jioni. Hapo ndipo madume ya mbu na ya vidudu visivyouma hukusanyika kuwa wingu linalopanda na kushuka juu ya kichaka, ncha ya ukuta au hata kichwa cha mtu. Huwaoni ukitazama chini. Chuchumaa, watazame wakiwa mbele ya anga lenye mwanga wa mwisho. Wingu hilo hudumu dakika chache hadi nusu saa, kisha hupotea.

Kati ya saa mbili na saa nne usiku ndio muda mzuri wa shuka na taa. Mbu wa Culex huongeza kasi ya kuuma kuelekea usiku wa manane. Anopheles gambiae, mbu wa malaria, hupenda zaidi kuanzia usiku wa manane hadi karibu na alfajiri, kwa hiyo anayefunga shughuli saa nne hujidanganya kwamba mtaa wake hauna Anopheles.

Mbalamwezi ni adui wa taa. Siku tatu nne kabla na baada ya mwezi mpevu utapata wachache kuliko ulivyotarajia, kwa sababu taa yako haing'ai tena kuliko anga. Chagua usiku wa giza, wenye joto, bila upepo, hasa siku moja mbili baada ya mvua. Upepo unaopeperusha shuka umeshawazidi nguvu vinzi vya milimita 2.

Wakazi wa Mwanza, Bukoba, Kisumu na Entebbe wana kalenda yao. Mawingu ya nzi wa ziwani, wanaoonekana kwa mbali kama moshi juu ya Ziwa Victoria, ni vidudu visivyouma vya jamii za Chaoborus na Chironomidae, na Chaoborus hutoka kwa wingi mwezi unapoandama. Kando ya Ziwa Nyasa wadudu wa namna hii hukusanywa, hupondwa na kufanywa vitumbua vya kuliwa.

Kutandika shuka

1. Chukua shuka jeupe la pamba, kama mita 1.5 kwa 2. Lililofuliwa kwa sabuni ya unga hufanya kazi vizuri zaidi, kwani vile viangazi vya kwenye sabuni hurudisha mwanga.

2. Lifunge kwenye kamba kati ya nguzo mbili au ukutani, upande wa chini uutandaze ardhini kama nusu mita. Wanaoanguka wengi huangukia hapo, na usipotandaza watapotelea kwenye majani.

3. Taa iwe mbele ya shuka kwa sentimita 30, kimo cha kifua. Taa ya urujuanimno (UV) yenye alama ya nanomita 365 huvuta vizuri kuliko zote. Zile tochi za bei nafuu za kukagulia noti mara nyingi ni nanomita 395, zinavuta kwa udhaifu. Balbu ya LED ya njano karibu haivuti kitu. Usiikodolee macho taa ya urujuanimno.

4. Kaa mbali na taa za barabarani na taa za duka. Mita 20 zenye kona ya ukuta katikati ni bora kuliko mita 50 za uwazi.

5. Subiri dakika 20 bila kugusa kitu. Kisha pita kila robo saa: kwanza kingo za shuka, halafu upande wa nyuma wenye kivuli, katikati mwisho. Vinzi vidogo vingi havisogei hadi kwenye taa. Hutua pembezoni au ukutani nyuma yako.

Waya wa umeme uinue juu ya ardhi, na manyunyu yakianza zima kwanza, tandua baadaye. Mweleze mlinzi au mjumbe unachofanya kabla hujawasha. Mtu anayemulika kuta za watu saa tano usiku haeleweki haraka.

Bila taa

Taa huleta wanaoruka. Wengine lazima uwafuate.

Bafuni na jikoni, chukua gundi ya selotepu angavu, ziba tundu la kutolea maji kwa upande wa gundi kutazama chini, ukiacha uwazi mdogo kando ili hewa ipite. Fanya hivyo usiku, maji yasipotumika, ukague asubuhi. Rudia siku nne mfululizo, maana usiku mmoja mtupu haumaanishi tundu ni safi. Huenda walikuwa bado mabuu.

Kwa vinzi vya matunda, weka kipande cha ndizi iliyoiva sana ndani ya chupa, mdomoni tumbukiza karatasi iliyokunjwa kama pia yenye tundu la milimita 5 kwenye ncha. Wanaingia, kutoka hawajui.

Inzi wa mchana hulala usiku, na hapo ndipo hutazamika vizuri kuliko wakati wowote. Tafuta madoa meusi na ya kahawia kwenye waya za taa, kamba za nguo, kenchi na ncha za makuti: ndipo wanapolala kila siku. Kibanda cha chipsi kilichofungwa au pembezoni mwa soko la samaki utakuta kamba moja ina inzi kama shanga. Pasipo kamba, ning'iniza ya katani ya mita 2 mchana, urudi saa tatu usiku. Wanapenda kitu chembamba kinachoning'inia.

Chemba za maji taka ni hazina ya Culex na vinzi vya manyoya, lakini usiinue mfuniko peke yako na usiinamishe uso ndani: gesi ya humo huua. Angalia upande wa nje, kwenye ufa wa mfuniko na ukuta wa karibu. Wamejaa hapo.

Nani ni nani

Gawa kwanza kwa vipapasio, zile pembe mbili nyembamba za kichwani. Vikiwa virefu, vya pingili nyingi kama ushanga, uko kwenye kundi la mbu na jamaa zake. Vikiwa vifupi vinene, kila kimoja na unywele mmoja pembeni, uko kwa inzi wa jikoni na ndugu zake.

Mbu au si mbu? Tafuta mrija wa kunyonyea ulionyooka mbele ya kichwa. Mbu anao, dume na jike. Vidudu visivyouma vya Chironomidae hawana, na mabawa yao hayana magamba, mara nyingi huishia kabla ya ncha ya tumbo. Miguu nayo inasema: mbu aliyetua huinua ya nyuma, Chironomidae huinua ya mbele na kuipungapunga kana kwamba anapapasa giza. Kosa la kila siku ni la vipapasio vya manyoya kama unyoya wa ndege. Hivyo ni vya madume, wa mbu na wa Chironomidae pia, basi havikuambii ni jamii gani. Vinakuambia tu kwamba huyo hatakuuma.

Ukishajua ni mbu, tazama kwa ubavuni. Culex hukaa sambamba na ukuta, mgongo umepinda kama aliyebeba gunia. Ana rangi ya kahawia isiyo na urembo, na ncha ya tumbo butu. Anopheles hunyooka kichwa hadi tumbo kama msumari uliopigwa kwa mshazari, mkia juu. Usimhukumu kwa mkao peke yake, kwani wapo Anopheles wanaolala chini zaidi: chukua lenzi uangalie vigusio viwili vilivyo kando ya mrija. Jike wa Anopheles anavyo virefu sawa na mrija, kama ana midomo mitatu. Jike wa Culex anavyo vifupi mno. Madume wa Culex nao wana vigusio virefu, kwa hiyo anza na vipapasio ujue jinsia ndipo uvipime. Mabawa ya Anopheles wengi wa kwetu yana madoa meusi na meupe ukingoni mwa mbele. Aedes aegypti ni mweusi mwenye pete nyeupe miguuni na mchoro wa kinubi cheupe kifuani. Huyo ni wa mchana na jioni, lakini ndani ya nyumba yenye taa huendelea hata usiku.

Mjini utakayemkuta zaidi ni Culex quinquefasciatus, mzaliwa wa maji machafu: chemba, vyoo vya shimo vyenye maji, mitaro iliyoziba. Ndiye anayelia sikioni na ndiye msambazaji mkubwa wa matende katika miji ya pwani. Kule Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, vyoo vya shimo vilimwagiwa punje nyepesi za polistairini (plastiki ya povu) zikaelea juu ya maji, mbu wakakosa pa kutagia na viluwiluwi pa kupumulia. Anopheles walizoea maji safi ya wazi, lakini mji unawabadilisha. Anopheles stephensi, mgeni kutoka Asia, alionekana Djibouti mwaka 2012, Ethiopia 2016, na Kenya ilitangaza kumpata Marsabit mapema 2023. Huyo huzaliana kwenye matangi na madumu ya mjini. Ukipata viluwiluwi vya Anopheles ndani ya tangi la juu ya paa, hifadhi kielelezo upeleke kwa ofisi ya afya.

Hapa pana ukomo: Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis hawatofautishwi kwa jicho wala kwa picha yoyote. Ni kipimo cha DNA tu. Andika "kundi la gambiae", uishie hapo.

Vinzi vya manyoya vya bafuni, jamii ya Psychodidae, hufanana na nondo aliyepunguzwa hadi milimita 3 au 4. Clogmia albipunctata huyatandaza mabawa bapa ukutani kama moyo mdogo, na ukingoni ana vidoti vyeupe. Psychoda, jamaa yake mdogo, huyainamisha kama paa la nyumba. Wote hutoka kwenye utelezi wa ndani ya bomba, na huruka kwa shida, vipande vipande. Kuna ndugu yao mmoja wa kuchukuliwa kwa uzito: nzi wa mchanga, Phlebotominae, milimita 2 hadi 3, rangi ya majani makavu, ambaye akitua hushikilia mabawa juu kama herufi V na hurukaruka hatua fupi ukutani. Huyo huuma, na katika maeneo kame ya Kenya kama Baringo husambaza ugonjwa wa kala-azar.

Usubi, Culicoides, ana milimita 1 hadi 3, mabawa yamelazwa mgongoni moja juu ya jingine na mara nyingi yana mabaka. Hupita kwenye matundu ya chandarua, na walio jirani na mikoko humjua kwa kuwashwa machweo na alfajiri.

Vinzi vyeusi vyembamba vya kwenye vyungu vya maua ni Sciaridae. Bawani katikati kuna mshipa uliogawanyika kama panda ya manati. Vinzi vya matunda, Drosophila, ni vya hudhurungi na macho mekundu. Anayefanana naye lakini ana kibyongo, na badala ya kuruka hukimbia kwa kushtukashtuka, ni Phoridae: mishipa minene imesongamana ukingo wa mbele wa bawa, kwingine karibu hakuna. Phoridae wakizidi jikoni, chunguza kiazi kilichooza nyuma ya gunia, kisha bomba la maji taka lililopasuka chini ya sakafu. Kumwaga dawa kwenye sinki hakusaidii.

Kwa wakubwa waliolala kwenye kamba, hesabu mistari ya kifuani. Minne ya kijivu cheusi kwa mdudu wa milimita 6 au 7 ni inzi wa nyumbani, Musca domestica. Thibitisha kwa mshipa wa nne wa bawa, unaopinda ghafla kuelekea mbele karibu na ncha. Mitatu, na tumbo la mirabaraba kama draft, ni inzi wa nyama. Akiwa kama wa nyumbani lakini ana sindano iliyochomoza mbele ya kichwa, ni Stomoxys, anayeuma mifugo na vifundo vya miguu. Kijani au buluu inayong'aa ni Chrysomya au Lucilia. Kuwatenganisha kwahitaji lenzi na subira, na picha ya juu peke yake haitoshi.

Picha na kielelezo

Piga picha tatu: kwa juu, kwa ubavuni, na uso. Ya ubavuni ndiyo inayosahaulika na ndiyo yenye mkao. Asiyetulia mfunike kwa kichupa, telezesha karatasi chini yake, umweke kwenye friji (si sehemu ya barafu) dakika 5 hadi 10. Akitoka utakuwa na dakika moja au mbili kabla hajapata moto. Picha ukiziweka iNaturalist, tovuti ya kutambulia viumbe, pakia zote tatu chini ya mdudu mmoja.

Kielelezo cha kudumu: mbu mwue kwa kumgandisha nusu saa, umhifadhi mkavu pamoja na vile vipakiti vya chembechembe za kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Ukimtia kwenye spiriti magamba yote yatabaki chini ya chupa, na magamba ndiyo utambulisho wake. Vinzi vya manyoya, usubi na Chironomidae ni kinyume: spiriti ya asilimia 70. Mkavu wa jamii hizo husinyaa akawa vumbi.

Lebo iingie ndani ya kichupa, isibandikwe nje. Andika mahali hadi jina la mtaa, tarehe, aliponaswa (ukuta wa nje, shuka, selotepu ya bafuni), na saa. Saa iandike kwa tarakimu 24: mdudu wa 20:40 ukimwandikia "saa 2:40", atakayemfungua Nairobi au London atadhani ulimkamata baada ya usiku wa manane, na kwa Culex au Anopheles hiyo inageuza habari yote.